Bibi Futi na Kopo la Maneno

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wakubwa kwa wadogo walimwita Bibi Futi, kwa sababu utepe wa kupimia nguo haukuwahi kutoka shingoni mwake. Alipika nao, alienda nao sokoni, na siku moja alihudhuria nao harusi ya mpwa wake, akampima bwana harusi kwa macho, kisha akashindwa kuvumilia akampima kwa utepe. "Suti imempwaya mabegani," aliwaambia waliokaa naye meza moja. "Huyu kaazima."

Alikuwa fundi cherehani. Kibanda chake kilikuwa na cherehani moja ya miguu, meza ya kukatia, kioo kirefu cha wateja kujitazamia, na benchi la watu wasiokuwa na shughuli. Kazi yake ilisifiwa. Lakini kilichompa umaarufu zaidi ni kwamba hakuwahi kukubali kushindwa mchezo wowote. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Kinyozi, alicheza naye drafti kila mchana kwa vizibo vya soda. Siku moja Kinyozi alibakisha hatua mbili tu ashinde. Bibi Futi akapiga chafya iliyotawanya vizibo vyote mpaka mfereji wa barabarani.

"Chafya haina adabu," alisema akifuta pua na vizibo kwa kitambaa kilekile. "Usijali, nakumbuka kila kete ilipokuwa."

Akazipanga upya. Kumbukumbu yake ilikuwa nzuri sana, ila ilikuwa na upendeleo.

Jambo ambalo watu hawakulijua, au waliolijua walinyamaza, ni kwamba Bibi Futi hakujua kusoma. Utotoni alisoma miaka miwili, akaugua homa ndefu, na aliporudi darasani akawakuta wenzake wameshafika kwenye sentensi, yeye bado yuko kwenye a, e, i, o, u. Aliona haya, akatoroka, akakimbilia kwa shangazi yake aliyekuwa anashona. Tarakimu alizijua vizuri, maana bila tarakimu suruali haikatiki. Majina ya wateja hakuyaandika. Aliwachora. Daftari lake lilikuwa na Kinyozi mwenye kichwa cha kiazi kikuu na masikio kama mikono ya sufuria, na pembeni vipimo vyake. Mwenye duka la dawa alichorwa tumbo tu, bila kichwa, na kila aliyeliona alimtambua.

Akiletewa karatasi yenye maandishi, alikuwa na jibu lake tayari. Angeshusha miwani mpaka ncha ya pua, akunje uso, kisha aseme, "Hii miwani ni ya sindano, si ya maandishi. Hebu nisomee."

Mjukuu wake, mtoto wa binti yake, walimwita Kijino, kwa sababu meno mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka na la tatu lilikuwa limebaki peke yake kama mlinzi wa zamu. Alikuwa na miaka minane, darasa la tatu. Mama yake alikuwa muuguzi, na miezi hiyo alikuwa mji mwingine kwenye kozi, kwa hiyo Kijino alikuwa mikononi mwa bibi.

Mtoto alikuwa mwerevu wa kila kitu isipokuwa kusoma. Alilitazama neno kama mtu anayeruka mfereji: aliangalia ukingo wa upande huu, akafumba macho, akaruka. Kuangukia wapi, hilo lilikuwa la bahati. Penye "Kaka anafagia uwanja" alisoma "Kuku anafagia uwanja," na mwalimu alipomwuliza kama amewahi kumwona kuku akifagia, akamjibu, "Si anaparuaparua, mwalimu? Ni kwamba hana ufagio tu."

Mwalimu akaita mlezi.

Bibi Futi alifika shuleni na utepe wake shingoni. Mwalimu alikuwa kijana mwembamba, mpole, mwenye shati ambalo mikono yake ilimwishia kati ya kiwiko na kiganja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mikono ya shati hilo nani alikukatia?"

"Nililinunua hivi hivi."

"Pole, mwanangu."

Mwalimu akaificha mikono chini ya meza, akaanza kueleza. Kijino anajua herufi, alisema, lakini anayakisia maneno. Maneno ya kila siku inafaa ayatambue papo hapo, kama anavyomtambua jirani akimwona. Kumlazimisha kusoma kurasa kumemfanya aogope. Kwa hiyo afadhali acheze. Akatoa kopo la zamani la maziwa ya unga, akalifungua. Ndani kulikuwa na kadi arobaini, maneno ishirini, kila neno mara mbili.

"Mnazipanga kifudifudi. Kila mtu kwa zamu yake anafunua mbili. Zikifanana, anazisoma kwa sauti, anazichukua. Zisipofanana, anazirudisha. Shule inafunga wiki moja kuanzia kesho. Robo saa kila siku inatosha, bibi. Akikosea, mrekebishe taratibu."

Bibi Futi alisikia "mrekebishe", akashusha miwani mpaka ncha ya pua. Kisha akauliza jambo lililokuwa linamsumbua zaidi.

"Mwisho, mwenye kadi nyingi ndiye mshindi?"

"Ndiyo, bibi. Ila lengo si..."

"Leta kopo."

Wakaanza jioni hiyo hiyo, kadi zimetandazwa kwenye meza ya kukatia. Bibi Futi aligundua mapema kwamba kusoma si lazima. Mtu aliyetumia miaka arobaini kulinganisha maua ya kitambaa ili yakutane sawa kwenye mshono hawezi kushindwa kulinganisha kadi mbili. Alifunua, akaona mkunjo kama ndoano, kimlingoti, kiduara, akakumbuka vingine kama hivyo vilipo, akafunua.

"Zimefanana! Zangu hizi."

"Bado hujasoma, Bibi."

"Nisomee wewe. Miwani hii ni ya sindano."

"Lakini aliyepata ndiye anayesoma."

"Mke mwenzangu, wewe ndiye mwanafunzi au mimi? Soma!"

Kijino akaitazama kadi. Akaona "sh", akafumba macho, akaruka. "Shetani!"

"Shetani," alisema Bibi Futi kwa heshima, akaziweka kadi upande wake. Alishangaa kidogo kwamba mwalimu mpole vile anaweka shetani kwenye kopo la watoto, lakini mambo ya shule siku hizi yamebadilika.

Neno lenyewe, kama wewe ulivyokwisha kujua, lilikuwa "shati".

Wakaendelea hivyo siku baada ya siku. Kijino aliruka, mara akaangukia penyewe, mara akaangukia mferejini. "Hapa" aliisoma hapa. "Na" aliisoma na. "Ndizi" hakuikosea hata mara moja kwa sababu aliipenda. Lakini "kofia" aliisoma kofi, "daraja" aliisoma daftari, na "mlango" ilikuwa "mlafi" mpaka siku ya tatu, ilipogeuka "mlangali", neno ambalo hakuna kati yao aliyejua maana yake, na kila mmoja alidhani mwenzake anaijua.

Kufikia siku ya nne jambo likamtokea Bibi Futi ambalo hakulitarajia. Alifunua kadi, na kabla mjukuu hajafungua mdomo, neno likamjia lenyewe. "Hapa," alisema. Akafunua nyingine. "Kofi." Alikuwa anasoma! Alisoma alichofundishwa na mtoto asiyejua, lakini yeye angejuaje? Asubuhi yake akitoka kununua uzi alitembea kichwa juu kama twiga. Neno "na" alilikuta kila mahali, kwenye ukuta wa duka la dawa, kwenye karatasi ya sabuni, kwenye gari la maji, na kila alipoliona alilitikisia kichwa kama ndugu aliyepotezana naye.

Siku ya sita alihamia fundi mpya ng'ambo ya barabara, jamaa mnene mwenye masharubu yaliyopinda juu pande zote mbili. Alifungua kibanda, akapachika kibao kidogo. Kibao kilikuwa kidogo kiasi kwamba aliyekipaka rangi alilazimika kubana maneno. Kiliandikwa: *Hapa shati na kofia.*

Bibi Futi alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Akainua macho. Maneno yote manne aliyajua! Akayasoma moja moja, midomo ikicheza. Hapa. Shetani. Na. Kofi.

Akayarudia. Hayakubadilika.

Sindano ilianguka. Bibi Futi alivuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia, na mwendesha baiskeli mmoja akaishia kwenye vichaka.

"Toka nje!" alipaza sauti. "Toka nje wewe mwenye masharubu!"

Masharubu akatoka, mkasi mkononi. "Karibu, mama. Kuna nini?"

"Unaniuliza kuna nini, na umeandika mwenyewe? Hata salamu hujaja kunipa, unanitundikia matusi! Shetani ndiye mimi? Eti hapa shetani na kofi! Haya, nimekuja. Shetani huyu hapa. Kofi liko wapi?" Akamwegeshea shavu. "Piga! Piga tuone!"

Masharubu akarudi nyuma mpaka akagonga cherehani yake. Watu wakaanza kujaa, maana mtaa ule hata paka wakigombana hupata watazamaji. Kinyozi akatoka na wembe mkononi, nyuma yake akafuata mteja aliyenyolewa nusu kichwa, povu limemfika shingoni.

"Kinyozi!" aliita Bibi Futi. "Wewe ni mtu wa magazeti. Waambie kibao kinasemaje."

Kinyozi akakitazama kibao. Akamtazama jirani yake, alivyosimama na utepe shingoni na shavu limetolewa. Miaka kumi na miwili alikuwa amemsomea kila karatasi iliyoletwa kibandani, na hata siku moja hakuwahi kumwuliza kwa nini.

"Ni kweli," alisema. "Hata mimi kwa mbali nimeona shetani."

"Shetani yuko wapi?" alilia Masharubu.

"Yupo, yupo. Hizi herufi zimepakwa vibaya. Mtu akizitazama kiupandeupande hivi, na jua likipiga..." Akapinda shingo. Baadhi ya watazamaji nao wakapinda shingo.

Yule mteja wa nusu kichwa ndiye aliyeharibu. "Mbona ni shati na kofia?" alisema. "Hapa shati na kofia. Mtu anashona mashati na makofia."

Kinyozi alimkanyaga mguu, lakini maji yalikwisha kumwagika.

Kijino, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa bibi yake, akavuka mbio. Macho yake yalikuwa mekundu. "Bibi hajakosea!" alipiga kelele. "Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo! Mimi ndiye niliyesema shetani!"

Bibi Futi alisikia masikio yakimchemka kama pasi ya makaa. Kila mtu alikuwa anamtazama. Alikitazama kibao, akamtazama Masharubu, kisha akanyoosha mkono akashika shati lililokuwa limetundikwa mlangoni, akalipindua.

"Basi kama ni shati," alisema, "kola imekaa upande."

Akaondoka polepole, amemshika mjukuu mkono. Alifunga kibanda saa tisa mchana, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu mazishi ya mumewe.

Walikaa ndani, yeye juu ya kiti cha cherehani, Kijino juu ya rundo la vitambaa.

"Bibi, kumbe hujui kusoma?"

"Najua. Najua ulivyonifundisha wewe."

"Kwa hiyo hujui."

"Kwa hiyo *hatujui*," alisema Bibi Futi. Wakatazamana. Jino la Kijino likaanza kutetemeka, bibi akadhani ni kilio, kumbe ni kicheko. "Ulivyomtolea shavu, Bibi!" Wakacheka mpaka Kinyozi akagonga ukuta kuuliza kama wako salama.

Shule ilipofunguliwa, Bibi Futi alifika kabla ya kengele. Aliliweka kopo mezani kwa mwalimu kwa kishindo. "Mwalimu, shetani wako nimemrudisha."

Akamweleza yote, kuanzia miwani ya sindano mpaka mwendesha baiskeli. Mwalimu alijitahidi sana. Aliuma kalamu, akauma na midomo, mwisho akaingia chini ya meza akijifanya kaangusha chaki, na kule chini akasikika akipiga kelele kama mbuzi aliyekabwa. Alipoibuka alikuwa na machozi.

"Samahani, bibi. Kosa ni langu. Nilidhani... Basi. Mnaonaje tukianza upya, nyote wawili?"

"Nimekwisha kuzeeka."

"Kijino anasema unashinda kila siku."

"Hilo ni kweli," alikubali Bibi Futi.

Mwalimu akaandika ubaoni *shati*, chini yake *shetani*. Akawaambia wasilitazame neno usoni tu, walifuate mpaka mwisho. Bibi Futi akasogea karibu, akavua utepe, na kabla mwalimu hajamzuia akayapima yote mawili.

"Hili refu," alisema. "Kumbe! Ningepima mapema nisingegombana na mtu. Na hili lina vipande viwili, sha, ti. Hili lina vitatu. Ni kama nguo. Mtu akikuonyesha kola tu, utajuaje kama chini ni shati au ni gauni?"

"Hapo hapo, bibi!" alisema mwalimu. "Sijawahi kulieleza vizuri hivyo."

Wazo hilo la nguo lilimwingia Bibi Futi kichwani, na likiwa ndani likafanya kazi. Jioni alikata vibaki vya khaki vipande vidogo vya ukubwa sawa. Alimpa mwalimu chaki aandike silabi moja kwa kila kipande, *sha, she, ti, ka, ku, ta, ko, fi, a, ni*, naye akazifuata kwa uzi mwekundu. Pembeni akapachika vifungo vya chuma vya kubana, vile vya nguo za watoto wachanga. Sasa neno liliweza kufungwa na kufunguliwa. Sha ukiibana na ti, unapata shati. Toa sha, weka ka, kifungo kinalia *ta!*, una kati. Pindua, una tika, ambayo Kijino alisema si neno, bibi akasema ni neno, Kinyozi akaitwa kuamua, akakimbia. Aliyebadilisha kipande kimoja akapata neno jipya, na kulisoma mpaka mwisho, ndiye aliyelichukua.

Mwalimu alikuwa na watoto wengine watano kama Kijino. Baada ya wiki moja wote walikuwa wanaishia kibandani kwa Bibi Futi wakitoka shule, wamekaa kwenye benchi la wasio na shughuli, na wasio na shughuli wamesimama. Sauti ya vifungo, ta, ta, ta, ilisikika mpaka ng'ambo ya barabara. Mmoja alifunga *ta* na *ka* mara nyingi mpaka akapata takataka yenye urefu wa mita tatu, akajifunga nayo kichwani. Kijino akatengeneza *shetatishani*, akamwuliza bibi ni mnyama gani.

"Ni mjomba wake yule jirani," alisema Bibi Futi, akionyesha ng'ambo kwa kidevu.

Masharubu mwenyewe alimsikia. Alivuka taratibu akiwa amebeba mfuko mkubwa, akausimamisha mlangoni. "Shikamoo, mama," alisema. "Nimeleta vibaki vya vitambaa, kwa ajili ya mchezo. Na ile kola nimeirekebisha."

Bibi Futi akamtazama juu mpaka chini. "Marahaba. Kaa. Unajua kucheza, au kazi yako masharubu tu?"

Alicheza, akashindwa mara tatu na mtoto wa miaka saba, akawa anakuja kila siku.

Tatizo lilikuwa moja: Bibi Futi hakuwa anacheza ili watoto wajifunze. Alicheza ili ashinde. Kwenye mchezo wa kadi za kopo, ambalo mwalimu alilirudisha na sasa kila mmoja alishika kadi zake na kuwaomba wenzake jozi kwa kutaja neno, alianza kupata jozi kwa kasi isiyo ya kawaida, hadi Kijino akaingiwa na shaka. Akamchunguza siku mbili. Siku ya tatu akaenda kukaa mahali alipozoea kukaa bibi, akainua macho, akaona kwenye kile kioo kirefu cha wateja kila mtoto na kadi yake, wazi kama dirishani.

"Bibi! Unatuchungulia!"

"Kioo ni cha kazi. Niking'oe?"

"Kigeuze!"

Kikageuzwa. Bibi Futi akashindwa michezo minne mfululizo, akasema macho yanamwuma. Kesho yake akashinda tena, na watoto walipochunguza wakakuta kadi za "kikombe" zina kifundo kidogo cha uzi mweupe pembeni, na za "dirisha" zina kifundo cha uzi wa buluu. Mwalimu akaitwa. Kesi ikasikilizwa papo hapo, watoto sita upande mmoja, bibi upande mwingine, Kinyozi na Masharubu mashahidi.

"Bibi," alisema mwalimu, "ukiweka alama ya uzi unasoma uzi, husomi neno."

"Kwani mimi fundi wa nini?"

Alihukumiwa kucheza wiki nzima akiwa wa mwisho kila zamu. Na wiki hiyo, kwa kukosa ujanja mwingine, ikambidi asome. Alisoma kwa kidole, kipande kwa kipande, akihema kama anayepanda mlima. Siku ya Alhamisi alisoma *wa-si-wa-si* peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akaomba maji.

Kijino naye alikuwa amebadilika. Hakuruka tena. Alipofika kwenye neno alikuwa akiligongea vidole pajani, kimoja kwa kila silabi, halafu vidole vikapotea na maneno yakaanza kumtoka moja kwa moja, hata aliyokuwa hakuulizwa. Alisoma mifuko ya unga. Alisoma lebo ndani ya kola za wateja wakiwa wamevaa. Mwenye duka la dawa alikuja kupimwa, Kijino akachukua karatasi iliyokuwa mfukoni mwa koti lake akasoma kwa sauti, mbele ya benchi zima, "Punguza mafuta." Bibi yake alimfinya, lakini alimfinya kwa fahari.

Mwisho wa muhula mwalimu akaandaa mashindano, watoto na walezi wao, uwanjani mwa shule. Mchezo ulikuwa wa kupiga neno. Kadi kubwa hamsini zilibandikwa ukutani kwa gundi ya unga. Wachezaji wawili wanasimama nyuma ya mstari, kila mmoja na kile kibao cha plastiki cha kuulia nzi. Mwalimu anataja neno, wanakimbia, wa kwanza kulipiga anapata alama. Mwalimu mkuu, mtu mzito asiyependa utani, aliletewa kiti, lakini akasema yeye atasimama, akaegemea ukuta aone vizuri.

Kijino aliwatoa watoto wawili na mama mmoja. Bibi Futi alimtoa Masharubu, ambaye alikuwa ameandikishwa kama mlezi ingawa hakuwa na mtoto hata mmoja. Fainali ikawa bibi na mjukuu wake.

"Usinihurumie," alisema Bibi Futi.

"Sikuhurumii hata kidogo," alisema Kijino.

Wakafika alama nne kwa nne, anayefika sita ndiye bingwa. Mwalimu akataja, "Mzigo!"

Wakakimbia. Wakatafuta juu, wakatafuta chini. Mzigo haupo. Kumbe gundi ilikuwa bado mbichi, kadi ilibanduka ikapinduka nyuma ya mwalimu mkuu, ikamganda aliposogea kidogo kuwapisha. Alipogeuka kumsalimia mgeni, Bibi Futi akaliona neno, limenata vizuri kabisa kwenye makalio ya suruali ya mwalimu mkuu. *M-zi-go.* Alilisoma mpaka mwisho. Hakukuwa na kosa.

Watu waliokuwepo wanasema alisita. Yeye anasema hakusita.

Paaa!

Mwalimu mkuu aliruka akatua mbele ya kiti chake. Uwanjani kikatoka kicheko ambacho kiliamsha hata mlinzi wa getini. Mwalimu alikuwa amefunika uso kwa kitabu cha alama.

"Mzigo!" alisema Bibi Futi, kibao bado kimeinuliwa. "Ndilo lililoandikwa. Soma mwenyewe, mwalimu mkuu. Au nikusomee?"

Mwalimu mkuu alipapasa nyuma, akaibandua kadi, akaisoma. Kisha masharubu, si ya fundi, yake mwenyewe, madogo, yakaanza kutikisika. "Alama ni halali," alisema. "Endeleeni. Lakini mimi nitakaa."

Tano kwa nne. Kijino akasawazisha kwa "kifuniko". Neno la mwisho lilikuwa "makaribisho", na jirani yake ukutani kulikuwa na "makaratasi". Bibi Futi alifika wa kwanza. Aliinua kibao. Mwanzo wa maneno yote mawili ulikuwa *maka*, *maka*, na yeye alisimama akapita silabi kwa silabi kuhakikisha, *ma-ka-ri*... Kijino hakuhitaji kuhakikisha. Alilitambua kama mtu anavyomtambua mama yake akitokea mwisho wa barabara, akalipiga.

Bibi Futi alisimama na kibao hewani. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakupiga chafya, hakusingizia macho, hakudai marudio. Aliangalia ukuta, akamwangalia yule mtoto anayerukaruka na jino lake moja, na kifuani akasikia kitu ambacho hakukielewa vizuri, chungu kidogo kama kushindwa, lakini kilichobaki chote kilikuwa kitamu.

"Amenifunga," alimwambia Kinyozi. "Umeona alivyonifunga? Hajasita hata kidogo!" Alimwambia kila mtu aliyetoka getini, na wengine aliwaambia mara mbili.

Mama yake Kijino aliporudi kutoka kozi alipokewa na binti anayemsomea tiketi yake ya safari, pamoja na masharti yote ya nyuma. Mtoto alitolewa kwenye kundi la mwalimu muhula uliofuata, maana alikwisha kujua kusoma. Bibi Futi yeye alibaki. Mwalimu alijaribu kumwambia kwa adabu kwamba kundi ni la watoto, akajibiwa kwamba yeye hajamaliza.

Kilichofuata ni simu. Bibi Futi alikuwa na simu ya vitufe miaka sita, na kwa miaka yote hiyo aliijua kwa kupiga na kupokea tu. Jumamosi moja aligundua kwamba ndani yake kuna ujumbe mia nne na kumi na saba. Akavaa miwani. Akaanza na wa kwanza, kidole kikipita chini ya kila silabi, na saa nzima baadaye akapiga yowe lililomtoa binti yake jikoni.

"Ho-nge-ra! U-me-shi-nda!" alisoma. "Mnaona? Nimeshinda! Friji! Tangu mwaka juzi, na hakuna aliyeniambia!"

"Mama, hao ni matapeli," alisema binti yake.

"Imeandikwa."

"Bibi," alisema Kijino akikaa kando yake, "kuandikwa si lazima iwe kweli."

Bibi Futi alishusha miwani, akamtazama kwa hasira ya kweli. "Miezi yote hii mnanifundisha kusoma, na hilo mnaniambia leo?"

Akaurudia ujumbe ule kwa makini mpaka mwisho, akaufuta. Kisha akafungua wa pili, ambao ulisema ameshinda pikipiki.